Mama Mukubwa na Sura Tano

Karatasi mbili zilinifikia siku moja kutoka kituo cha afya. Ya kwanza ilisema kwamba mama mukubwa, dada mkubwa wa marehemu mama yangu, yeye aliyenilea, amepona kabisa kolera, maisha yake ni mazuri, na kwa hiyo ametolewa kwenye orodha ya wagonjwa wanaofuatiliwa. Ya pili ilisema kwamba mimi bado ni mgonjwa sana.

Nilizisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mimi mgonjwa sana nilikuwa nimetoka kumaliza bugali na maharage, na nilikuwa nafikiria kuongeza. Mama mukubwa aliyepona kabisa alikuwa amelala juu ya godoro, miguu imewekwa juu ya mto, akiisubiri ipungue uvimbe ili avae viatu. Siku hizo alikuwa anavaa kandambili zangu, ambazo mtaani kwetu Murara wanaziita mitumbwi, na hata hizo zilikuwa zinambana.

Akauliza, "Wanasema nini?"

"Wanasema umepona."

"Mungu asifiwe," akasema, akajikuna pale ngozi ilipokuwa imevutika mpaka inang'aa. "Na wewe?"

"Mimi niko karibu kufa."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Ni mara chache nakasirika, maana mtu asiyetoka nyumbani hana nafasi nyingi za kukasirika. Wanaokasirisha wote wako nje. Lakini siku ile nilikasirika mpaka nikashona mfuko wa suruali ya mteja upande wa ndani.

Hapo lazima nijitambulishe, ingawa si jambo la kujivunia. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko dirishani, wateja wanapitisha nguo dirishani, na mimi naziangalia siku zao zikipita hapo hapo dirishani. Nimezaliwa Goma, nimesomea Goma mpaka diploma ya sekondari, na kama volkano haingenifukuza siku chache ningesema sijawahi kulala kwingine. Ziwa liko karibu, naamini hivyo; watu wanateka maji huko. Mama mukubwa alikuwa ananiambia, "Wewe ukikufa hatutachimba kaburi. Tutafunga mulango tu."

Yeye ni mtu wa barabara. Alilima upande wa Rutshuru miaka yote, akapanda na kushuka na mizigo ya maharage, akawazika watoto wake wawili, akanilea mimi wa dada yake mpaka nikamaliza shule. Vita iliposhuka tena kwenye barabara ile, alitembea na watu wa kijiji chake mpaka kambi iliyokuwa nje kidogo ya mji. Kwangu hakuja. Nilimtumia ujumbe nikimwambia nyumba iko, kitanda kiko. Akajibu kwamba ametoka na majirani, hawezi kuwaacha kwenye mvua yeye akakae chini ya bati. Angeniaibisha, alisema. Nani angeaibika mpaka leo sijajua.

Kambi ile ilikuwa juu ya mawe ya volkano. Huwezi kuchimba choo kwenye jiwe. Unaweza kuweka mbao nne na hema na kuomba. Maji yalikuja na lori siku lori lilipotaka. Kolera haikuhitaji kualikwa. Jirani yake mmoja alinipigia simu kwamba mama mukubwa amelazwa hospitali ya kambini, na mimi, mtu wa dirishani, nikapanda pikipiki kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, nikamshika dereva shati mpaka kifungo kikakatika. Nikamshonea kingine pale pale, maana sindano natembea nayo.

Nilimkuta kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, chupa mbili za serumu zikimwingia kwenye mishipa, moja kila mkono. Macho yalikuwa yamerudi ndani. Akaniona, akasema kwa sauti ya kukauka, "Kumbe dunia inaisha. Huyu ametoka ku nyumba."

Walipomruhusu nikamleta Murara. Siku chache baadaye nikaanguka mimi. Kambini nilikwenda mara moja tu, nikarudi na zawadi. Lakini yangu ilikuwa nyepesi. Serumu, siku nne, basi. Juma mbili baadaye nilikuwa nakula kama askari wa kambi ya jeshi ya Katindo aliyerudi kutoka mstari wa mbele. Mama mukubwa hakurudi hivyo. Muganga alieleza kwamba maji yalipomtoka mwilini kwa wingi ule, figo zilikaa kavu muda mrefu mno. Zinaweza kuamka, zinaweza kukataa. Kwa hiyo aliwekwa kwenye orodha: kila juma mbili apimwe presha, apimwe mkojo, apewe vidonge. Mtu akitoka kwenye orodha, hakuna anayemwangalia tena mpaka aanguke.

Basi wakaja watu wa mradi uliokuwa unasaidia kituo cha afya, na ulizo lao: mtu akishapona kolera, maisha yake yanakuwaje? Ni ulizo zuri, sikatai. Shida ni kwamba walikuja na fishi mbili, yaani fomu za maulizo, na wenyewe hawakujua ipi ni bora. Moja fupi, maulizo matano, na kila ulizo lina sura tano zilizochorwa, kuanzia ile inayocheka mpaka ile inayolia machozi. Nyingine ndefu, inatoka asubuhi na kufika chakula cha mchana. Wakaamua kila mgonjwa aulizwe zote mbili, moja juma hili na nyingine juma linalofuata, kisha zilinganishwe. Na kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na muganga hatoshi, atakayeonekana maisha yake ni mazuri angeachia mwingine nafasi.

Aliyekuja kwetu alikuwa dada mmoja kijana, buti za mvua, tabuleti ndani ya mfuko wa plastiki. Mtaa ukamwita dada wa maulizo. Mtu mpole. Namtaja kwa heshima, maana baadaye walimtupia kosa lisilo lake.

Sasa, msomaji wa kwetu anajua kinachotokea mgeni akiingia. Anapewa kiti kile kizima. Anapewa chai, na kama chai hakuna anapewa sababu ya kukosa chai. Anaulizwa njia ilikuwaje, na nyumbani wanaendeleaje. Anajibu wako muzuri. Anakuuliza na wewe, unajibu uko muzuri. Hata kama maiti iko chumba cha pili, kwanza uko muzuri. Mgeni aliyekaa kwenye kiti chako hatupiwi ugonjwa kama maji machafu. Ya kweli yanasubiri. Mgeni anasimama, anaaga, unamsindikiza, mnapita mlango, mnapita ua, mnafika pale njia inapokata kona, na pale, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako, ndipo unasema, "Lakini mutoto wangu..." Na yote yanatoka.

Hivi ndivyo mama mukubwa alivyonifundisha. Hivi ndivyo alivyofanya.

"Mama," akasema dada wa maulizo, amekaa kwenye kiti, chai mkononi, "siku hizi afya yako iko namna gani? Onyesha sura moja."

Mama mukubwa akazitazama sura. Akaweka kidole kwenye ile inayocheka.

"Hii iko na uzuri," akasema.

"Na kutembea?"

"Ninatembea. Kila asubuhi niko ku misa."

Ni kweli alikuwa misani kila asubuhi. Kile ambacho sura hazikuuliza ni kwamba alikuwa anaondoka kabla ya wengine wote, anakaa juu ya mawe ya ukuta mara tatu njiani, na anafika wakati wanaimba wimbo wa kwanza.

"Na kazi za nyumbani?"

"Mwanamuke hawezi kushindwa na nyumba yake."

Nyumba ni yangu, na tangu atoke hospitali mimi ndiye napika, tena vibaya. Nikaona lazima niseme kitu. Lakini unamkatiza vipi mzee mbele ya mgeni? Nikatafuta njia ya heshima. Nikasema, kama mtu anayekumbuka tu, "Mama, na miguu?"

Akanitazama jicho lile lililonimalizisha shule.

"Miguu iko," akamwambia mgeni. "Inanibeba."

Sura ya kucheka. Maulizo matano, sura tano za kucheka. Dada wa maulizo akabonyeza kitu, tabuleti ikalia kengele ndogo, akairudisha ndani ya plastiki. Akaaga. Mama mukubwa akainuka polepole kumsindikiza. Mimi niliwafuata mpaka langoni. Langoni ndipo nchi yangu inapoishia. Lakini kutoka pale nilisikia vizuri, maana njia inakata kona hatua chache tu mbele, pale mama mmoja anapouza makala, mkaa wa kupikia.

"Lakini mutoto wangu," mama mukubwa akasema, amemshika mkono, "miguu inavimba. Asubuhi hata macho yanavimba. Mukojo unakuja kidogo tu, na ni kama chai ile nilikupa. Nikilala ninasikia pumuzi imebaki mbali. Ninaogopa."

Neno hilo la mwisho sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Si siku ya vita, si siku ya serumu.

Dada wa maulizo akaitazama tabuleti ndani ya plastiki. Kisha akasema, "Mama, kwa nini hukusema kule ndani? Fishi imeisha kutumwa, haifunguki tena."

"Kule ndani ulikuwa mugeni," mama mukubwa akasema, akishangaa kwamba mtoto wa watu haelewi.

Juma lililofuata fishi ndefu ikaja. Mgeni yule yule, kiti kile kile, chai ile ile, na kwenye kiti mama mukubwa akabeba bidoni za maji ambazo hakubeba, akalala usingizi ambao hakulala, akala kwa hamu chakula ambacho nilikuwa namwagia kuku wa jirani. Kisha, pale kwa mama wa makala, ukweli ukatoka tena, mrefu kuliko fishi.

Zamu yangu ilifuata hapo hapo. Mimi sina adabu ya mama mukubwa. Niliona ulizo ni la ofisi, nikalijibu kwa kweli kama mtahiniwa.

"Juma hili umetembelea jamaa au marafiki mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Umeshiriki harusi, matanga, mkutano wa mtaa?"

"Hapana. Nilishona nguo za harusi."

"Umejisikia unapenda kubaki peke yako?"

"Sana."

"Kuna mahali ulikuwa unakwenda zamani na sasa hauendi?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Kwa kinyozi. Lakini sasa ninajinyoa."

Dada wa maulizo alikuwa anabonyeza na kuniangalia kwa huruma inayozidi. Mwishoni akanishika bega. Kwenye karatasi yangu waliandika hali mbaya, kufuatiliwa haraka, na mtu wa kunifariji angepita nyumbani. Huyo alipita kweli. Alinikuta nakula.

Sasa mnaelewa karatasi zile mbili.

Asubuhi baada ya karatasi kufika nilifunga dirisha, nikavaa koti, nikamwambia mama mukubwa twende kituoni. Alikataa kwanza. Nikamwambia nitakwenda peke yangu na nitapiga makelele kwa jina lake. Akavaa mitumbwi. Tulipotoka langoni, mama wa makala akanyanyuka kabisa kwenye kigoda chake.

"Papa, nyumba iko inaungua?"

"Bado," nikasema.

Aliyekuwa anashika orodha tulimwita dokta. Kwa kweli alikuwa muuguzi mkuu, lakini kwetu aliyevaa nguo nyeupe ni dokta mpaka athibitishe vingine. Mtu wa Butembo, mrefu, mwenye kuongea taratibu. Alitupa viti. Hapo nilipaswa kukataa viti, lakini sikuwa nimeelewa bado.

Nikaweka karatasi zote mbili mezani. Nikamwambia, "Dokta, mumezigeuza. Mugonjwa ni huyu."

Akafungua kompyuta. Alikuwa na mistari miwili ya rangi, mmoja wa fishi fupi na mmoja wa fishi ndefu, na kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi nyingi akanionyesha jinsi inavyotembea pamoja karibu kila mahali. Alieleza kwamba ndiyo maana wakubwa wameamua fupi inatosha. Inaokoa muda, na inasema mambo yale yale.

"Kwa mama," akasema, "fupi inasema amepona. Ndefu inasema amepona. Zinakubaliana."

"Dokta, ukidanganya watu wawili uongo mumoja, watakosa kukubaliana?"

"Nani amedanganya, papa?"

Nikamgeukia mama mukubwa. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja, kitenge kimeshushwa kufunika miguu.

"Mama," dokta akamuuliza kwa heshima kabisa, "uko namna gani?"

"Tuko muzuri, dokta," akasema. "Na nyumbani Butembo wote wako muzuri? Huyu mutoto usimusikie. Hatokaki ku nyumba, jua limemupiga."

Nilitaka kulia. Kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia dokta na mistari yake, na zaidi nikajikasirikia mimi, niliyekaa kimya juma mbili kwa sababu ya adabu, huku mwenyewe nikijibu ovyo na kuchukua nafasi ya mtu.

"Basi nitoe mimi," nikasema. "Weka yeye kwenye jina langu."

"Haiwezekani. Ni namba, si jina. Na wewe, papa, hali yako inatutisha. Hutoki, hutembelei mutu, unapenda kubaki peke yako."

"Dokta, hiyo si kolera. Hiyo ni tabia."

"Alizaliwa nayo," mama mukubwa akasaidia. "Haina serumu."

Wakacheka wote wawili. Wamekaa kwenye viti, wanacheka vizuri, na figo za mtu zinakauka chini ya kitenge. Nikakitazama kiti. Nikatazama mlango. Mara nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu utotoni.

Nikasimama. "Basi, dokta, tunaaga."

Akasimama na yeye, akanyoosha mkono.

"Hutusindikizi?" nikauliza. "Mama huyu ametoka mbali. Mama yako kule Butembo akisikia uliacha muzee atoke peke yake, atasema nini?"

Akaona haya. Akafunga kompyuta, akampa mama mukubwa mkono wa kuegemea, tukatoka. Tukapita benchi za wanaosubiri, tukapita tangi la maji ya kunawa, tukapita mlinzi. Mimi nilitangulia kidogo, kwa makusudi, nikijifanya natafuta pikipiki. Hatua chache nje ya lango mama mukubwa akasimama. Akamshika dokta mkono kwa mikono yake miwili.

"Lakini mutoto wangu..." akasema.

Nikageuka ukutani. Sikutaka anione. Nilisikia miguu, macho, mkojo, pumzi, na vile alivyokuwa anaamka akidhani amerudi kwenye kitanda chenye tundu. Nikasikia kwamba alikuwa anaogopa kuanguka ndani ya nyumba yangu na kuniachia maiti mimi nisiyejua hata njia ya makaburi. Nilipogeuka, dokta alikuwa amechuchumaa barabarani, nguo nyeupe kwenye vumbi la mawe, amebonyeza gumba kwenye muundi wa mama mukubwa. Akaondoa gumba. Shimo likabaki. Tulilitazama sote watatu, na halikurudi.

"Mama," akasema dokta bila kuinuka, "haya yote kwa nini hukumuambia yule dada?"

"Nilimuambia. Kila mara. Pale kwa mama wa makala."

Akatafuta kalamu. Karatasi hakuwa nayo, nikampa ile iliyosema amepona, akaigeuza na kuandika nyuma yake, juu ya goti. Siku hiyo hiyo akampima mkojo na presha, akampa vidonge na kumkataza chumvi. Akamrudisha kwenye orodha kwa mkono. Lakini akanivuta pembeni.

"Mukono wangu utamushikilia mwezi mumoja. Orodha inatoka ku mashine. Kama fishi haijasema vingine, mashine itamutoa tena, na mwezi utakaofuata sitakuwa na uwezo."

"Basi arudiwe kuulizwa."

"Nitaomba."

Aliomba. Wakubwa walikubali, kwa sharti moja: iandikwe kwamba kosa ni la dada wa maulizo, aliuliza vibaya. Mimi nasema hapa kwa maandishi, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kulisema: hakuuliza vibaya. Aliuliza kila kitu alichopewa, kwa upole, kwa mpangilio aliopewa. Waliotengeneza fishi ndio waliodhani mwisho wa maulizo ni mwisho wa mazungumzo. Wakalinganisha fupi na ndefu, kana kwamba shida ya ukweli ni urefu! Hakuna aliyelinganisha kiti na njia. Hakuna aliyemwambia dada yule, usifunge tabuleti mpaka usindikizwe.

Na mpaka leo nawaza wale wa kambini. Sisi tuna lango, tuna ua, tuna pale njia inapokata. Kule hema linagusa hema, mgeni anainama kuingia na anapotoka tayari yuko kwa jirani. Huyo umsindikize wapi? Umwambie nini, na wenye kungoja zamu wamesimama wanasikiliza? Wangapi walionyesha sura ya kucheka kwa sababu ya adabu, wakaandikiwa kwamba wamepona, na hakukuwa na lango la kuwaokoa? Hesabu hiyo haimo kwenye mistari ya rangi.

Siku ya kurudia ilipofika nilijiandaa kama mtu wa harusi. Kabla mgeni hajafika, nilibeba viti viwili, nikavipitisha langoni, nikavipanga pale njia inapokata. Mtaa mzima ulitoka kuangalia.

"Papa anahama!" mtu akapiga kelele.

"Anahamia wapi? Hata njia hajui," mama wa makala akamjibu.

Dada wa maulizo akaja, akakaa. Mama mukubwa akaja, akakaa. Nikaegemea ukuta nikijisifu. Tabuleti ikafunguliwa, sura zikatoka, na mama mukubwa akaweka mikono juu ya mapaja.

"Mama, uko namna gani?"

"Tuko muzuri, mutoto wangu. Njia ilikuwa namna gani?"

Nilikuwa nimebeba kiti nikasahau kwamba kiti ndicho kinachomtia adabu! Nikakimbia, nikasema samahani, nikawanyanyua wote wawili, nikavichukua viti, kimoja nikakiweka mbali, kingine kikabaki mkononi.

"Huyu sasa ni mugonjwa kweli," mama wa makala akasema.

"Dada," nikasema, "simama uage."

"Lakini sijauliza."

"Aga tu. Usifunge hiyo tabuleti. Aga."

Akaaga, akiwa amechanganyikiwa. Mama mukubwa akaniangalia muda mrefu. Alikuwa ameelewa. Nilidhani atanitukana mbele ya mtaa. Lakini akamshika dada wa maulizo mkono, wakaanza kutembea polepole kuelekea barabara kubwa, mitumbwi yangu ikiburuza kwenye mawe. Mimi niliwafuata nyuma, nikapita mwisho wa nchi yangu bila hata kuaga.

Hawakufika mbali. Penye ukuta wa mawe alisimama, akaegemea, akavuta pumzi mara mbili, ya kwanza haikutosha.

"Lakini mutoto wangu..." akasema.

Dada wa maulizo akainua tabuleti, akaishika mbele yake. Mama mukubwa akazipitia sura moja moja. Ile ya kucheka akaipita. Ya pili, ya tatu. Kidole kikasimama juu ya ya nne, ile yenye mdomo ulioshuka, kikabonyeza kwa nguvu.

"Mama," dada akasema taratibu, "iko pia ya tano, ile ya machozi. Ukisikia ni hiyo, onyesha tu, usiogope."

Mama mukubwa akageuka, akanitazama nilivyosimama katikati ya njia, jua likinipiga, kiti kimoja bado mkononi.

"Ya tano muachie huyu," akasema. "Karatasi ilisema yeye njo mugonjwa."